Mzee Lwitiko na Daraja la Winchi

Mto Lwezya haujawahi kubeba chombo chochote kikubwa kuliko gogo. Ni mto wa milimani, mwembamba, wenye hasira za ghafla, unaoshuka kutoka vilima vya Ileje na kupita katikati ya miji miwili midogo: Itwelo upande wetu, Kasanzu upande wa Mbozi. Wakati wa kiangazi kuku mwenye haraka anaweza kuuvuka bila kulowesha mapaja. Juu ya mto huo, enzi za ukoloni, mtu mmoja msomi aliona vyema kujenga daraja linaloinuka ili meli zipate kupita.

Wazee walimwita mhandisi huyo Bwana Kofia, kwa kuwa hawakuona kitu kingine kwake cha kukumbuka. Alikuja na michoro iliyochorwa kwa ajili ya mto mwingine, wa nchi nyingine, na kwa kuwa michoro ilikuwa imekwisha kupitishwa na wakubwa, mto ndio uliotakiwa kujirekebisha. Akajenga. Sakafu ya mbao na vyuma ilifungwa kwa bawaba upande wa Itwelo. Minyororo miwili ilipanda juu ya nguzo, ikashuka hadi kwenye winchi iliyokaa ndani ya kibanda cha mbao. Upande wa Kasanzu, ncha ya sakafu ilipumzika juu ya nguzo ya mawe na kufungwa kwa komeo zito. Kwa hiyo anayetaka kuinua daraja huanza kwa kuvuka mpaka Kasanzu kufungua komeo, kisha hurudi mbio Itwelo kuzungusha winchi. Kwamba komeo na winchi vingeweza kuwekwa upande mmoja ni wazo lililomjia kila mtu aliyewahi kupita pale, isipokuwa Bwana Kofia.

Meli hazikuja. Zinasubiriwa hadi leo, kwa subira ileile tunayosubiria mambo mengine.

Mlinzi wa kwanza alikuwa baba yake Lwitiko. Yasemekana mafuriko makubwa ya kwanza yalipokuja, mzee huyo alikuwa ameinua sakafu tangu mchana kwa sababu alitaka kulala na watu walikuwa wanamsumbua kwa miguu yao. Magogo yalishuka kutoka milimani, yakapita chini ya sakafu iliyoinuliwa, yakaenda zake. Madaraja mengine yote ya mto ule, ya juu na ya chini, ambayo yalijengwa kwa akili timamu, yalibebwa. Tangu siku hiyo Itwelo na Kasanzu zikaanza kusifu hekima ya Bwana Kofia, aliyeona mbali. Usingizi wa mlinzi haukutajwa popote.

Na kwa kuwa winchi ilikuwa upande wetu, haikuchukua muda kugundua matumizi mengine. Kasanzu walipotufunga mpira, daraja liliinuliwa na washindi wakalala kwenye uwanja wa shule yetu pamoja na kombe lao. Kwaya yao ilipoimba vizuri kupita yetu siku ya Pasaka, daraja lilipata hitilafu hadi Jumanne. Watu wa Kasanzu, kwa kisasi, walifunga komeo kwa mnyororo wa baiskeli, na kwa msimu mzima daraja la kuinuka likawa daraja la kawaida. Hiyo ndiyo historia yake yote. Mengine ni grisi.

Lwitiko alizaliwa kwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka kwenye kibanda cha winchi, na hajawahi kuona sababu ya kwenda mbali zaidi. Alirithi kazi kwa baba yake pamoja na kofia ya kaki iliyopauka hadi ikapata rangi ya vumbi. Alikuwa mfupi, mwenye mabega makubwa kama ya fahali na sauti ndogo isiyolingana nayo. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi ndani ya kibanda, akauangalia mto, na mto ukamwangalia. Waliopita walimsalimu kwa sababu ilikuwa vigumu kupita bila kumgusa: njia ya kushuka darajani kuingia Itwelo inabana kati ya kibanda na ukingo, na inatosha mtu mmoja, au mtu nusu na mbuzi.

Ng'ambo, mbele ya nguzo ya mawe, palikuwa na karakana ya Shadrack, fundi pikipiki wa Kasanzu, Mnyiha mwenye mdomo usiopumzika. Wawili hao walirushiana salamu na maneno juu ya mto kila siku ya Mungu, na hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya miji miwili.

“Mwagona, mzee! Meli ya leo imechelewa?”

“Imepita alfajiri. Wewe ulikuwa umelala kwa mkeo.”

“Ilibeba nini?”

“Akili. Lakini haikushusha Kasanzu.”

Lwitiko na mkewe, Bibi Tukuswiga, walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Gwakisa. Huyu aliinuka mapema akaenda Tunduma, akawa mmoja wa vijana wanaokimbia kando ya malori yaliyopanga foleni kuingia Zambia, wakiwasaidia madereva kugongesha mihuri. Mke wake, Ruti, aliachwa Itwelo kwa wakwe zake, alime mahindi na kuchuma parachichi, kama vijana wetu wanavyofanya wanapoipenda ndoa kwa mbali.

Magoti ya Lwitiko yalipoanza kukataa, alimpigia mwanawe simu aje arithi winchi.

“Baba,” Gwakisa alijibu, huku honi zikilia nyuma yake, “huku watu tunavusha malori mpaka Kongo. Wewe unavusha mbuzi.”

Mzee alimrudishia mkewe simu, akatoka akaenda kupaka minyororo grisi iliyokuwa haihitaji grisi.

Ilikuwa lazima apatikane mrithi, na kila mtu alijua kwa nini. Mwenyekiti wetu wa Itwelo, Eliakim, mtu anayependa maendeleo hasa yale ambayo hayajaanza, alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba daraja la zege linakuja. Lilikuwa linakuja tangu Gwakisa ananyonya. Vigingi vyake vyeupe vilipigwa, vikaota kutu, vikang'olewa na watu wa kufunga ng'ombe. Lakini safari hii Eliakim alikuwa amezungumza na mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Tunduma, mwenye Fuso yake.

“Mimi simfukuzi mzee,” alisema. “Mzee akae hadi achoke. Lakini siku daraja hili litakapokosa mlinzi wa ukoo ule, ni chuma chakavu. Tunapima, tunapakia, tunangoja la zege.”

Watu walipiga makofi. Kwetu tunapiga makofi mtu anapomaliza kusema, kama shukrani kwamba amemaliza.

Basi Lwitiko alibaki na jambo moja tu duniani: winchi isitoke nyumbani mwake. Na nyumbani mwake palikuwa na jozi moja tu ya mikono yenye nguvu, nayo ilikuwa ya mtu ambaye hakuwahi kumwona uso.

Hapa inabidi nieleze, kwa ajili ya wasomaji wa miji mikubwa, ambako mkamwana na baba mkwe hugombania rimoti ya televisheni. Kwetu hawatazamani. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawapishani njiani. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, huingia kwenye mahindi na kusubiri. Mkamwana halitamki hata jina la mkwewe. Lwitiko kwa lugha yetu maana yake ni imani, kwa hiyo Jumapili waumini walipokiri imani yao kwa Kindali, Ruti alifika kwenye neno hilo akafumba mdomo. Mchungaji mmoja mgeni alimwombea kwa muda mrefu, akidhani dada yule ana mashaka. Ni heshima kubwa sana, na kama heshima zote kubwa za kwetu, mzigo wake huwekwa juu ya kichwa cha mwanamke.

Na Ruti aliubeba kwa miguu. Baba mkwe alikuwa amekaa darajani tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo daraja lilikuwa limefungwa kwake. Kila siku ya soko la Kasanzu alibeba kikapu cha parachichi, akapanda na kijia cha mto hadi Mawe ya Juu, mahali ambapo mtu anaweza kuvuka kwa kurukaruka, akashuka tena upande wa pili hadi sokoni. Wenzake walikuwa wamekwisha kuuza nusu alipofika. Alikuwa akiishi karibu na daraja lile kuliko mtu yeyote, na alikuwa mtu pekee katika Itwelo yote ambaye daraja halikumsaidia kitu.

Aliyevunja ukimya alikuwa Bibi Tukuswiga, mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa ameolewa na daraja lile kwa muda wa kutosha kulichukia kwa upendo.

“Winchi inazungushwa kwa nini?” alimuuliza mumewe wakiwa wanakula.

“Kwa mikono.”

“Si kwa ndevu?”

“Unataka kusema nini, mama Gwakisa?”

“Sitaki kusema kitu. Nahesabu mikono ya humu ndani.”

Mzee alikataa. Akakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Siku alipoiona Fuso ya mnunuzi imepaki mbele ya ofisi ya mwenyekiti, akaacha kukataa.

Ndivyo ilivyoanza shule ambayo sijui kama kuna chuo kimewahi kuwa na mfano wake. Mwalimu alikaa kwenye benchi, uso kwenye mto. Mwanafunzi alikaa nyuma ya ukuta wa mbao wa kibanda, mgongo kwenye ukuta. Bibi Tukuswiga alisimama kwenye kona, katikati yao, ili maneno yapate mahali pa kupita kwa adabu.

“Mwambie kabla hajashika kitu ahakikishe komeo la kule limefunguliwa,” alisema Lwitiko.

“Ruti, uhakikishe komeo.”

“Mama, mwambie baba nimesikia.”

“Amesikia.”

“Mwambie achomoe kigingi cha winchi, ndipo azungushe. Taratibu. Mnyororo wa kushoto una kiburi, hupenda kukwama.”

“Mama, muulize baba, ukikwama nifanyeje?”

“Anauliza...”

“Arudishe nyuma kidogo, halafu aupige teke. Lakini avae kiatu.”

Bibi Tukuswiga akaweka mikono kiunoni. “Kumbe unamsikia? Nilidhani umeziba masikio. Nimesimama hapa tangu asubuhi kama mnara wa simu, na hakuna hata mmoja anayenitilia dizeli!”

Nyuma ya mbao, mwanafunzi alicheka. Mwalimu aliutazama mto kwa makini sana.

Mafunzo ya vitendo yalihitaji mpango mwingine. Lwitiko alivuka, akafungua komeo, akabaki Kasanzu, akakaa mbele ya karakana ya Shadrack na mgongo kwenye mto. Ruti akatoka mafichoni, akazungusha. Sakafu ikapanda ikilia kama ng'ombe anayezaa.

“Mzee,” alisema Shadrack, spana mkononi, “huyu anazungusha kukushinda wewe.”

“Mimi sioni.”

“Sijakuuliza kama unaona. Nakupa habari.”

“Anapumzika katikati?”

“Hapumziki.”

“Apumzike. Mwanamke gani hapumziki?”

“Nenda kamwambie.”

Lwitiko akamtazama kwa jicho ambalo lingeua mtu asiye fundi pikipiki.

Habari zilimfikia Eliakim. Mwenyekiti hakukasirika, alikuja kibandani na tabasamu la mtu aliyeona shimo mbele ya mwenzake. “Mzee wangu, mawazo mazuri. Lakini mlinzi ni wewe bado, na yeye ni mkamwana wako. Siku mto ukija, mtapishana wapi hapa? Kwenye mnyororo? Wazee wa ukoo wamenituma nikuulize.” Wazee wa ukoo hawakuwa wamemtuma mtu. Lakini baada ya hapo walianza kuuliza, kwa kuwa waliambiwa ndivyo walivyouliza.

Mlinda winchi mmoja alikuwa mzima kwa nusu, na mwingine alikuwa haruhusiwi kusimama alipo wa kwanza. Mwezi wa tatu ulikuwa mlangoni, mawingu yakianza kulala juu ya vilima asubuhi na kuamka mchana. Bibi Tukuswiga aliona ni wakati mwafaka wa kupanda basi kwenda Tunduma kumsuta mwanawe uso kwa uso.

Mto ulikuja yeye akiwa huko.

Itwelo palikuwa na jua. Ndiyo hila ya Lwezya: mvua hunyesha kwa watu wengine, kule juu, nawe unaletewa matokeo. Lwitiko aliona maji yanageuka rangi, kutoka kijivu kuwa chai ya maziwa, na vijiti vikianza kushuka kwa haraka. Hakungoja. Alivuka akichechemea hadi nguzo ya Kasanzu, na huko akakuta komeo limekwama vizuri sana, maana alilifunga mwenyewe. Alipiga kwa jiwe. Shadrack akaja na nyundo. Walipolifungua, maji yalikuwa yameanza kunguruma. Mzee akageuka, akaanza kurudi Itwelo, hatua moja ya goti zima na nyingine ya goti bovu.

Ruti wakati huo alikuwa Mawe ya Juu na kikapu chake kichwani. Mawe hayakuwapo. Mahali pa mawe palikuwa na maji yanayobingirika, na kwenye kona ya mto aliona mti mzima, na mizizi yake, na udongo wake, ukija kama ng'ombe aliyekata kamba. Alitupa kikapu akakimbia na ukingo. Alifika kibandani, akaangalia huku ameinamisha kichwa kama alivyozoea, akaliona benchi tupu. Akachomoa kigingi. Akaushika mkono wa winchi, akainua macho kutazama komeo la ng'ambo.

Katikati ya daraja alisimama baba mkwe wake.

Sasa, watu wa makabila mengine wangefanya vitu vya ajabu hapo. Wangekimbia, wangeshikana mikono, wangepiga kelele za msaada. Hawa wawili walifanya kitu cha heshima. Ruti alijifunika kitenge usoni na kugeuka upande wa kilima. Lwitiko alimgeuzia mgongo na kutazama Kasanzu. Wakabaki hivyo, migongo imeelekeana, mkwe juu ya sakafu na mkamwana kwenye winchi, na mto ukiwajia. Mila ilizingatiwa kikamilifu, wala sijui kama imewahi kuzingatiwa vizuri zaidi ya pale.

Mzee asingeweza kushuka Itwelo, kwa sababu njia ilipita kifuani kwa mkamwana wake. Ruti asingeweza kuondoka, kwa sababu magoti yale yasingefika kwenye winchi kabla ya mti ule.

“Shadrack!” aliita Lwitiko. “Mwambie huyo aliyepo kwenye winchi aondoke!”

“Mwambie mwenyewe! Yuko nyuma yako!”

“Mwambie, nakuomba!”

Shadrack akaweka mikono mdomoni. “Dada! Mzee anasema uondoke!”

“Mwambie arudi huko!” ilijibu sauti kutoka ndani ya kitenge.

“Mzee, anasema urudi!”

“Mwambie daraja ni langu!”

“Dada, anasema...” Shadrack akautazama mto, akaacha ukalimani. “Wee mzee, una wazimu? Hilo ni gogo au ni nyumba?”

Mti ulikuwa umeiacha kona. Lwitiko aliuona, na mguu wake haukunyanyuka. Nadhani aliona daraja lake likivunjwa akiwa juu yake, mbele ya winchi iliyo tayari, na hakuona kosa lilipo. Kila mtu alikuwa mahali pake. Hapo ndipo Ruti alipokitupa kitenge.

“Baba!” alipiga kelele. “Baba, rudi Kasanzu! Toka kwenye daraja langu!”

Neno hilo lilimfikia mzee mgongoni kama fimbo. Hakuwahi kuisikia sauti ile ikimwelekea yeye. Akakimbia. Wapo wanaosema aliokoa maisha yake. Waliomwona karibu wanasema alikuwa anakimbia aibu, na kwamba goti lilipona kwa muda wote wa aibu hiyo. Alitua kifuani kwa Shadrack wakaanguka wote kwenye lundo la matairi.

Ruti alizungusha. Sakafu ikanyanyuka, ncha yake ikaachana na nguzo, ikapanda kwa ukaidi. Mnyororo wa kushoto ukakwama. Akarudisha nyuma kidogo, akaupiga teke, na kwa kuwa viatu vyake vilibaki njiani, alipiga kwa kisigino kitupu na kutukana tusi la Kilambya ambalo hakuna aliyejua amejifunza wapi. Mnyororo ukasikia. Mti ukapita chini, mizizi yake ikikwaruza mbao za sakafu kama mtu anayebisha hodi, ukaenda zake kutafuta madaraja ya watu wengine.

Akarudisha kigingi. Kisha akashika magoti yake na kuhema.

Ng'ambo, Lwitiko alikuwa amesimama juu ya tairi la trekta ili aone vizuri. Kofia ilikuwa imepotea. Hakuwa amegeuza mgongo.

Maji yalikaa juu siku kadhaa. Mzee alilala karakanani kwa Shadrack, akala ugali wa Kasanzu, akaukosoa. Upande wetu watu walikusanyika vikundi vikundi kuzungumzia tukio. Hawakuzungumzia daraja. Daraja lilipona, na kitu kikipona hakina hadithi. Walizungumzia kwamba mkamwana amemwita mkwewe, tena kwa kelele.

“Na yeye alimtazama?”

“Alimtazama. Alipanda juu ya tairi ili amtazame.”

“Yesu wangu.”

Maji yaliposhuka, Ruti alishusha sakafu, akaenda akajifungia ndani. Wazee wa ukoo walikaa kikao mbele ya kibanda cha winchi. Watu wa Kasanzu walivuka kuja kusikiliza, wakiwa wengi kuliko waliotakiwa, kwa kuwa soko lao lilitegemea daraja lile na kwa kuwa aibu ya Itwelo haiwapiti kirahisi. Bibi Tukuswiga alikuwa amerudi, amekaa mbele kabisa. Ruti aliitwa, akaja akapiga magoti kando, kitenge usoni. Lwitiko alikaa upande wa pili, ametazama juu, kama anayehesabu tai.

Eliakim alifungua kikao kwa huzuni iliyonyooshwa pasi. “Ndugu zangu, sisi sote tunashukuru. Lakini mila imevunjika mara mbili, kwa mdomo na kwa jicho. Mzee hawezi tena kulinda, magoti mmeyaona. Mkamwana hawezi kulinda, maana mkwewe anaishi hapohapo na anapita hapohapo. Kwa hiyo mlinzi hakuna. Nilishasema daraja lisilo na mlinzi ni nini. Fuso iko tayari.”

Hata Shadrack alikuwa kimya, jambo ambalo watu wa Kasanzu walilitaja baadaye kwa mshangao.

Mzee mmoja wa ukoo, mwenye sweta la kijani na kikohozi, akakohoa. “Mwiko huu una mlango. Zamani baba mkwe alimkabidhi mkamwana ng'ombe mbele ya watu. Akishapokea, wanasalimiana, wanatazamana, yamekwisha.”

“Mzee Lwitiko ana ng'ombe?” aliuliza Eliakim kwa upole mkubwa, akijua.

Lwitiko hakuwa na ng'ombe. Hakuwahi kuwa naye. Alinyanyuka, akaingia kibandani, na wote wakasikia chuma kikisugua chuma. Alitoka ameubeba mkono wa winchi begani: chuma kilichopinda, kizito, kilicholainishwa na viganja hadi kikang'aa.

“Mkono wa serikali ulivunjika kabla wengi wenu hamjazaliwa,” alisema. “Hakuna aliyeleta mwingine. Huu baba yangu alikwenda kufuliwa na wahunzi, kwa shafti ya lori. Ni wetu. Nampa huu.”

“Nilisema ng'ombe,” alisema mwenye sweta.

“Ndiye huyu.”

“Ana pembe?” aliuliza mtu.

“Ana maziwa?”

“Ng'ombe wako wewe alikuwa na maziwa?” Shadrack alishindwa kuvumilia. “Alikufa kwa kupe mwezi mmoja baada ya mahari! Huyu atakufa kwa nini?”

“Kutu!” alisema Eliakim.

“Kutu ina dawa,” alisema Bibi Tukuswiga. “Inaitwa grisi. Kupe wa hapa je, mwenyekiti? Wana dawa?”

Watu wakacheka, na Eliakim akaangalia kama kuna kupe aliyetajwa kwa jina. Wakabishana. Wapo waliosema chuma hakizai. Wapo waliosema ng'ombe naye hainui daraja. Jua lilipanda. Kutoka nyumbani kwa Lwitiko ilianza kuja harufu ya wali na nyama ya mbuzi, ambayo Bibi Tukuswiga aliiacha jikoni kwa makusudi yake. Mwenye sweta alinusa, akakohoa, akasema kwamba wazee wa zamani walikuwa na hekima pana, na hawakuwahi kutamka kwamba lazima ng'ombe awe na miguu. Uamuzi ukapita kama maamuzi mengi makubwa ya kwetu yanavyopita. Eliakim alisema yeye siku zote alikuwa akitetea utamaduni.

Lwitiko alivuka ule uwanja mdogo na kuunyoosha mkono wa winchi mbele yake. Ruti alitoa kitenge usoni, akaupokea kwa mikono yote miwili, bado amepiga magoti, ukamvuta chini kidogo kisha akausimamisha.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Walitazamana. Yeye alikuwa mwanamke wa makamo tayari, mwenye mvi mbili tatu na kovu dogo juu ya jicho. Mkwewe hakuwahi kulijua kovu lile. Mtu hakupiga makofi.

“Mnyororo wa kushoto ulichelewa,” alisema mzee hatimaye.

“Ulikwama, baba.”

“Niliona. Ulipiga bila kiatu.”

“Nilivitupa.”

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kibandani, akakaa kwenye benchi mahali palepale alipokaa maisha yake yote, uso kwenye mto. Ruti aliingia nyuma yake na chuma chake. Akatazama winchi, akatazama benchi.

“Baba,” alisema, “sogea kidogo. Hapo ndipo ninaposimama.”

Akasogea.